Shuleni Umoja, Nyumbani Tahadhari

Tangu 1963 mzazi wa Kenya amekuwa na masomo mawili kwa mwanawe: pendana na wenzako wote, lakini jichunge nao msimu wa kura. La pili hakulitunga yeye.

Uhuru ulikuja na Harambee. Wazazi walichanga shilingi, kuku na mbuzi, shule zikasimama. Kisha Makamu wa Rais, Oginga Odinga, akakihama chama tawala cha KANU mwaka 1966 na kuongoza chama cha upinzani cha KPU. Julai 1969 waziri Tom Mboya akapigwa risasi Nairobi mchana kweupe. Oktoba, walinzi wa Rais wakafyatulia umati risasi Kisumu, na KPU ikapigwa marufuku. Minong'ono ya kikabila, ya "sisi" na "wao", ikahamia majumbani.

Rais Moi akaleta maziwa ya Nyayo shuleni, 1979. Watoto wa Turkana na wa Kwale walikunywa pakiti za aina moja. Lakini mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuja na mgao: asilimia 85 ya wanafunzi wa shule ya sekondari watoke eneo ilipo shule. Nia ilikuwa kuziinua wilaya zilizoachwa nyuma, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, vijana wengi walimaliza kidato cha nne bila kulala bweni moja na mtoto wa jamii nyingine. Kwangu mimi, hilo lilituumiza kuliko hotuba nyingi za majukwaani.

Kisha yakaja mapigano ya kikabila: Meteitei ikawaka 1991, Molo na Burnt Forest 1992, Likoni 1997. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na akina mama na watoto waliokimbilia humo. Ghasia hizo za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100. Tangu hapo, kura ikikaribia, stendi za Nairobi hujaa akina mama, watoto na mabegi: "Nendeni ushago kwa nyanya mpaka mambo yatulie." Baba hubaki kulinda nyumba. Mzazi huyohuyo atakwambia Wakenya ni wamoja, na hasemi uongo. Ana kumbukumbu tu.

Katiba ya 2010, Ibara ya 10, iliandika uzalendo na umoja wa taifa kuwa tunu za nchi. Juni 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walijitangaza kuwa hawana kabila. Risasi zilipolia nje ya Bunge, wazazi wa kila jamii walitafuta watoto wao hospitalini na kwenye vituo vya polisi.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Mzazi, kabla hujatafuta nauli ya ushago, muulize mgombea anayekuchochea: wanawe watakuwa wapi siku hiyo?