Kiinua Mgongo cha Marais Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Siku ya anga safi, mtu asimamaye ufukweni Ujiji huiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Akifuata mwambao kuelekea kaskazini hufika Burundi. Nchi zote tatu zimetunga sheria za kuwatunza marais wastaafu, na kila moja imeonesha kwa namna yake jinsi mafao hayo yanavyoshikamana na siasa za vyama.

Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1999 humpa Rais mstaafu pensheni ya asilimia 80 ya mshahara wa Rais aliyepo madarakani. Lakini kilichoilinda sheria hiyo ni desturi. Mwalimu Nyerere aliondoka Ikulu mwaka 1985, akabaki na uenyekiti wa CCM hadi 1990. Waliomfuata waliufupisha muda huo: Mwinyi alimkabidhi Mkapa chama mwaka 1996, Mkapa akamkabidhi Kikwete 2006, na Kikwete akamkabidhi Magufuli 2016. Hakuna aliyekishika chama mwaka mzima baada ya kuiacha dola. Ni kweli kwamba yote hayo yalipita ndani ya chama kimoja, na sheria haijapata kujaribiwa na ushindi wa upinzani.

Burundi, mwezi Januari 2020, Bunge lilimwidhinishia Nkurunziza faranga bilioni 1, jumba la fahari na cheo cha Kiongozi Mkuu. Tarehe 8 Juni mwaka huohuo alifariki, kabla hajakabidhi madaraka.

Kongo ndiko kwenye funzo zito. Katiba ya 2006 ilimfanya Rais mstaafu kuwa seneta wa maisha. Sheria ya Julai 2018 ikamwongezea Joseph Kabila mafao na kinga. Alimwachia Tshisekedi kiti Januari 2019, lakini akabaki na wabunge walio wengi. Muungano wao ulivunjika mwishoni mwa 2020. Mei 2025 Seneti ilimvua kinga kwa tuhuma za kuwaunga mkono waasi wa M23, tuhuma alizozikana. Septemba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwapo.

Wahenga walisema cheo ni koti la kuazima. Mafao ni shukrani kwa mwenye kulirudisha. Arudishaye koti huku mkono ungali mfukoni hana sheria ya kumkinga.