Kiti Kirefu na Ushuhuda Wake

Ukiingia katika duka la vyombo vya kale, huenda ukakutana na kiti cha namna ya peke yake. Si kitanda, kwa maana kina egemeo upande mmoja. Wala si kiti cha kawaida, kwa maana akikaliaye hunyoosha miguu yake yote miwili juu yake. Wafaransa hukiita chaise longue, yaani kiti kirefu, na kwa jina hilo chajulikana mahali pengi duniani. Kama siku moja utataka kukinunua kwa ajili ya nyumba yako, yakupasa kwanza kuijua nasaba yake, kwa sababu asiyejua nasaba ya kitu hawezi kukikadiria thamani.

Nasaba hiyo ni ndefu. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lilipogunduliwa mwaka 1922, ndani yake mlikutwa vitanda vyenye miguu iliyochongwa kwa mfano wa miguu ya wanyama. Wayunani walikuwa na desturi ya kula karamu hali wamejilaza kwa ubavu, na Warumi wakaifuata. Chumba cha karamu cha Kirumi kilikuwa na malazi matatu yaliyozunguka meza pande tatu, na kila moja kwa desturi lilichukua watu watatu. Upande wa nne uliachwa wazi kwa watumishi. Kwa hiyo kiti hicho chatueleza habari mbili kwa pamoja: nani alipumzika, na nani alisimama akihudumu.

Katika karne ya 18 mafundi wa Ufaransa walikitengeneza upya kwa matajiri waliopenda raha nyumbani mwao. Wengine walikigawa vipande viwili au vitatu, ili kiweze kutengwa na kuunganishwa kama mwenyewe apendavyo. Wakati huohuo, miji ya Herculaneum na Pompeii, iliyofukiwa na mlima wa moto mwaka 79, ilikuwa ikifukuliwa tangu mwaka 1738 na 1748, na watu wa Ulaya wakashikwa na hamu ya kuiga vyombo vya Warumi. Mwaka 1800 mchoraji Jacques-Louis David alianza kumchora bibi mmoja wa Paris, Juliette Récamier, ameketi juu ya kiti kirefu cha mtindo huo wa kale. Picha haikumalizika, nayo imo katika jumba la Louvre. Lakini umashuhuri wake ulikuwa mkubwa hata viti vya namna ile vikaitwa kwa jina la bibi huyo.

Hapa tutue kidogo tufikiri. Kiti kile chenyewe kilikuwa cha kuiga! Aliyekitengeneza hakuwa Mrumi, wala hakudai kuwa Mrumi. Alijifunza umbo la zamani akalifanyia kazi ya zama zake. Basi kuiga si kosa. Kosa ni kudai umri usio wako. Lishike sana neno hili, kwa kuwa ndilo litakalokulinda dukani.

Wahenga husema kizuri chajiuza. Lakini muuzaji hodari huweza kukiuza hata kibaya kwa jina la kizuri. Kwa hiyo usitazame kitambaa kwanza. Kitambaa hubadilishwa, na rangi hupakwa. Omba ruhusa ukipindue kiti, utazame chini, mahali ambapo fundi hakutarajia macho ya wageni. Mistari iliyopinda kama upinde juu ya ubao ni alama ya msumeno wa duara, ambao ulienea katika karne ya 19. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka. Kisha tazama parafujo, au skrubu kama wengi wasemavyo. Kabla ya katikati ya karne ya 19, parafujo nyingi zilikuwa butu nchani. Na zile zenye alama ya msalaba kichwani zilienea tangu miaka ya 1930. Springi ndani ya malazi nazo ni jambo la karne ya 19. Zamani kiti kilijazwa singa za farasi na vitu vya namna hiyo.

Lakini usihukumu kwa shahidi mmoja. Kiti cha kale huweza kutengenezwa upya, kikatiwa parafujo mpya kwa haki kabisa. Uliza pia miguu ya mviringo: mti haunywei sawasawa pande zote, hivyo mguu wa kale ukiupima kwa bikari aghalabu utauona umekuwa yai kidogo. Mashahidi wakipatana, amini. Wakipingana, endelea kuuliza.

Hatimaye kumbuka kwamba kiti ni cha kukaliwa. Pima mlango wako kabla hujalipa. Kitikise usikie kama maungo yanalia. Tazama vitundu vya wadudu wabunguao mti. Ukiona unga mpya chini yake, wadudu wangali kazini.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni katika kazi ya ualimu, nilisimama dukani na akiba ya mwaka mzima mfukoni. Mama yangu alikuwa akiugua miguu, nami nilitaka apate mahali pa kuinyoosha. Muuzaji aliniapia kwamba kiti kile kilivuka bahari zaidi ya miaka 150 iliyopita. Nilikipindua. Kila parafujo ilikuwa na msalaba kichwani, na hapakuwa na tundu moja la zamani kando yake. Wala mbao zake hazikuwa na doa la uzee. Nilishukuru nikaenda zangu kwa fundi seremala wa mtaani, akanichongea kiti kirefu cha mvule kwa sehemu ndogo ya fedha ile. Mama alikipenda. Kilikuwa kipya, na hakikudai kuwa kingine.

Ewe kijana, uchunguzi huu haufai kwa kiti kirefu peke yake. Kitumie kipimo hicho kwa kiti cha enzi cha Lamu, kwa barua iliyochakaa, na kwa kila habari ya zamani uletewayo. Usiidharau, wala usiimeze nzima. Ipindue kwanza uutazame upande wa chini.