Nani Alipima Maji ya Mtwara, na Alikuwa Anatafuta Nini?

Tuanze na ngamia. Mwezi Machi 1866 David Livingstone alifika kwenye mlango wa mto Ruvuma kwa meli akitokea Zanzibar. Alikuwa na ngamia, punda, nyumbu na nyati wa India, na alitaka kuwashusha hapo ili aingie bara. Akaitazama mikoko, akalitazama tope, akaona hapapitiki. Meli ikageuza kwenda kaskazini, na wanyama wakashukia Mikindani. Miaka mitano kabla ya hapo, 1861, alikuwa amejaribu kuupanda mto huohuo kwa meli iitwayo Pioneer, akakwamishwa na kina kidogo cha maji.

Hiyo nayo ni tathmini ya pwani, msomaji. Mtu amefika, ameangalia, ametoa jibu: haifai. Lakini haifai kwa nani? Kwa ngamia, sawa. Tope lile lile lililomkatisha tamaa ndiko kamba na kaa wanakokulia, na samaki wengi wadogo hujificha kwenye mizizi ya mikoko kabla ya kwenda matumbaweni. Hakuna aliyemtuma Livingstone kupima hayo, na yeye hakuyapima.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nikisoma historia ya pwani ya Mtwara naona jambo lilelile likijirudia. Kila aliyekuja kuipima alikuwa na kitu kimoja anachokitafuta. Akikipata, mji unapangwa kukizunguka.

Chukua bandari. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji mahali pa kutokea. Lindi ilikuwa jirani lakini maji yake ni ya kina kifupi, ilhali ghuba ya Mtwara ina kina kirefu na imekingwa na upepo. Basi, kilichotafutwa kilikuwa kina, na kina kikapatikana. Ukachorwa mji mpya wenye barabara pana, reli ikajengwa, na Shangani, sehemu nzuri kabisa ya ufukwe, ikawa makazi ya Wazungu. Karanga zenyewe zilikataa. Mradi ulifutwa Januari 1951, gati likaja kukamilika 1954, na miaka ya mwanzo ya 1960 reli iking'olewa. Mji ukabaki na barabara pana kuliko magari yake. Mpaka leo ukitaka kujua kwa nini Mtwara imekaa hivi ilivyokaa, jibu liko kwenye kipimo cha kina cha maji kilichofanywa kwa ajili ya zao ambalo halikuota vizuri.

(Msimbati nako kuna kisa chake. Mwishoni mwa ukoloni Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyekuwa amejenga nyumba huko, alidai Msimbati iwe dola huru na yeye awe sultani wake. Ufukwe wa Msimbati ukiuona utamwelewa kidogo, ingawa hutamkubalia.)

Mwaka 1982 kampuni ya Italia, AGIP, ilichimba kisima Ghuba ya Mnazi na kukuta gesi. Gesi ikakaa ardhini zaidi ya miaka ishirini ndipo ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara, na mwaka 2015 bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 likazinduliwa kuipeleka Dar es Salaam. Katikati ya hapo kulikuwa na vurugu za 2013, ambazo wengi wetu tunazikumbuka vizuri, kwa hiyo sitazirudia.

Waliokuja kuangalia uhai wenyewe wa maji walichelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wapiga mbizi wa Frontier-Tanzania walifanya utafiti wa viumbe na matumizi ya bahari katika wilaya ya Mtwara. Kazi ya namna hii ni rahisi kuieleza, ila ngumu kuifanya: unatandaza mkanda wa kupimia juu ya mwamba chini ya maji, halafu unaandika kila kilichoko chini ya mkanda. Matumbawe hai, matumbawe yaliyokufa, mwani, mchanga, kifusi. Hicho kifusi ndicho kilichokuwa na habari. Kusini mwa Tanzania uvuvi wa baruti ulikuwa umeshamiri, na mlipuko mmoja huvunja kwa sekunde kile ambacho matumbawe hukijenga kwa miongo. Ghuba ya Mikindani nayo matumbawe yalikuwa yakichimbwa na kuchomwa kupata chokaa. Halafu 1998 ukaja mwaka wa El Niño, joto la bahari likapanda, na matumbawe yakapauka Bahari ya Hindi nzima.

Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa mujibu wa Sheria Na. 29 ya 1994. Ilikuwa hifadhi ya bahari ya pili nchini baada ya Mafia. Eneo lake ni kilomita za mraba 650, na kama theluthi moja ni nchi kavu, visiwa na mikoko. Yaani vijiji vya watu vimo ndani ya hifadhi. Visima vya gesi navyo vimo ndani. Mvuvi wa Msimbati aliyeambiwa nyavu zake za matundu madogo haziruhusiwi alikuwa anaona kazi za gesi zikiendelea hapohapo. Kuna vijiji vilivyoikataa hifadhi tangu mwanzo, na mimi siwezi kusema walikuwa hawaelewi. Walielewa sana.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hata wapiga mbizi hawakutumwa kukihesabu: watu wanaokwenda ufukweni bila kutafuta samaki wala gesi.

Nenda Shangani jioni yoyote, au Msimbati siku ya pili ya Idi. Vijana wanacheza mpira kwenye mchanga mgumu, watoto wanaogelea, mama anauza mihogo, maharusi wanapiga picha. Maji ya bamvua yakitoka, kina mama wanashuka mwambani na mchokoo kutafuta pweza, na hapo starehe na riziki zinakaa kwenye mchanga mmoja. Mpango wa ufukwe usipowahesabu watu hawa, kwenye ramani eneo lao linaonekana tupu. Na eneo tupu ndilo linalogawiwa kwanza.

Vipimo vipo, wala si vya ajabu. Mwaka 1865, mwaka mmoja kabla ya ngamia wa Livingstone, padri wa Kiitalia Angelo Secchi alishusha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kuandika kina ambacho haikuonekana tena. Sahani ya Secchi inatumika hadi leo kwenye maziwa na bahari, na hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuitengeneza. Kwa usalama wa waogeleaji, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2003 unaangalia bakteria wa utumbo waitwao enterokoki: maji yanaingia daraja bora kabisa kama sampuli 95 kati ya 100 hazizidi bakteria 40 kwa mililita 100. Kipimo cha tatu ni daftari na kalamu: kaa, hesabu watu, andika saa, andika kama maji yamejaa au yametoka. Ukihesabu maji mafu tu utawakosa wanawake wa pweza wote. Ukihesabu siku za kazi tu utaikosa Idi.

Na hii inahusu sheria moja kwa moja. Sheria ya Ardhi ya 1999 iliweka mikoko, matumbawe na ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni kwenye kundi la ardhi hatarishi. Sheria ya Mazingira ya 2004 ikazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 hizohizo, kwenye bahari na kwenye maziwa pia. Namba ni nzuri, inakumbukika. Tatizo linaanza ukishika mkanda wa kupimia ukasimama Msimbati. Kati ya maji kujaa na kutoka kuna tofauti ya mita tatu na zaidi kwenda juu, ambazo kwenye ufukwe wa bapa ni mwendo mrefu wa miguu. Mchanga wenyewe unahama, kusi unaupeleka upande huu, kaskazi unaurudisha kule. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mtwara watu wakaambiwa wajikinge.

Kwa hiyo kabla hoteli ya kwanza haijachorwa pale, nataka mtu wa mipango miji anijibu: mita ya kwanza kati ya hizo 60 inaanzia wapi, mwezi gani, na nani alikuwa amesimama hapo siku ilipopimwa?