Harakati ya Lausanne: Historia Fupi ya Miaka 50, 1974–2024

Harakati ya Lausanne ilizaliwa katika Mkutano wa Kimataifa wa Uinjilishaji wa Ulimwengu, uliofanyika kwenye jumba la Palais de Beaulieu mjini Lausanne, Uswisi, kuanzia tarehe 16 hadi 25 Julai 1974, kwa wito wa mhubiri Billy Graham wa Marekani. Walihudhuria takriban watu 2,400 kutoka nchi 150, wengi wao wakiwa Wakristo wa kiinjili, yaani wale wanaosisitiza mamlaka ya Biblia, kazi ya Kristo msalabani, haja ya kila mtu kuokoka, na wajibu wa kuwatangazia wengine habari njema. Karibu nusu yao walitoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na hilo ndilo linaloipa Lausanne heshima ya pekee katika historia ya misheni, kwa kuwa mkutano wa misheni wa Edinburgh wa mwaka 1910 ulikuwa umejadili kwa kirefu namna ya kuifikia Afrika huku Waafrika wenyewe wakikosekana ukumbini karibu kabisa. Hatua ya kati ilikuwa mkutano wa uinjilishaji wa Berlin mwaka 1966, ambako Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alihutubia ufunguzi, naye Graham akaondoka na shauku ya kuitisha kusanyiko pana zaidi.

Maandalizi ya mkutano wa Lausanne yaliongozwa na Askofu Jack Dain wa Australia. Ukumbini iliwekwa saa kubwa iliyohesabu ongezeko la watu duniani dakika kwa dakika, na kila aliyeitazama alielewa bila kuhubiriwa ukubwa wa kazi iliyokuwa mbele yake, kwani hesabu za wakati huo zilionyesha kwamba zaidi ya watu milioni 2,700, yaani zaidi ya theluthi mbili ya wanadamu wote, walikuwa bado hawajainjilishwa. Mtaalamu wa misheni Ralph Winter wa Marekani alifafanua kwamba wengi wa hao wamo katika jamii ambazo hazina kanisa lolote la lugha na utamaduni wao, na kwa hiyo hawawezi kufikiwa na Mkristo jirani anayezungumza na watu wa kwao tu. Kutoka hapo ndipo ulipoenea usemi wa jamii zisizofikiwa, ambao leo unasikika katika kila idara ya misheni.

Kwa Afrika Mashariki, jina linalotajwa kwa upendo mkubwa kuliko yote ni la Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, mtoto wa uamsho wa Afrika Mashariki na mwalimu wa zamani wa Dodoma, ambaye alizungumza juu ya msalaba na uinjilishaji wa ulimwengu kwa uzito ambao ulithibitishwa na maisha yake miaka mitatu baadaye, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alipouawa naye Kivengere akalazimika kuikimbia nchi yake. Alikuwapo pia Byang Kato wa Nigeria, kiongozi wa umoja wa makanisa ya kiinjili barani Afrika, ambaye kifo chake katika bahari ya Mombasa mnamo Desemba 1975 kiliacha pengo lisilozibika upesi.

Tunda kubwa la mkutano lilikuwa Agano la Lausanne, tamko lenye ibara 15 lililoandikwa na kamati ya John Stott wa Uingereza, aliyefanya kazi usiku na mchana kupokea maoni ya wajumbe na kuyaingiza katika andiko. René Padilla wa Ecuador na Samuel Escobar wa Peru walisimama imara kudai kwamba kutangaza Injili kusitenganishwe na kutafuta haki kwa wanyonge, na ibara ya tano iliupokea wito huo kwa kulitaja jukumu la Mkristo katika jamii kuwa sehemu ya wajibu wake. Ibara ya tisa, kwa upande wake, ilikubali kwamba wakati mwingine inafaa kupunguza wamisionari na fedha za kigeni katika nchi iliyokwisha kuinjilishwa, wazo lililo jirani na lile la Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, ambaye tangu mwaka 1971 alitaka misaada hiyo isitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kujitegemea. Ibara hiyo hiyo ilihimiza maisha ya kiasi, na si wote walioona wepesi kuitia sahihi.

Kamati ya kuendeleza kazi ilikutana Mexico City Januari 1975, ambako kulikuwa na mitazamo tofauti kuhusu upana wa majukumu yake, lakini kwa neema mwafaka ulipatikana. Katibu Mtendaji wa kwanza akawa Gottfried Osei-Mensah, Mghana aliyekuwa mchungaji wa Nairobi Baptist Church, na uteuzi huo ulikuwa fahari kwa Wakristo wa Nairobi waliomfahamu kama mlezi wao.

Miaka iliyofuata ilizaa mashauriano ya Willowbank kuhusu Injili na utamaduni (1978), Pattaya nchini Thailand (1980), na Grand Rapids kuhusu uinjilisti na huduma za jamii (1982). Mkutano mkuu wa pili ulifanyika Manila mwaka 1989, ukatoa Tamko la Manila. Wa tatu ulikuwa Cape Town mwaka 2010, wenye wajumbe wapatao 4,000 kutoka nchi 198, ingawa ndugu wengi wa China walizuiwa kusafiri, na mwanatheolojia Chris Wright akaongoza uandishi wa tamko lake, Ahadi ya Cape Town. Wa nne ulifanyika Seoul-Incheon, Korea Kusini, Septemba 2024, chini ya uongozi wa Michael Oh, ukiwa na wajumbe zaidi ya 5,000.