Swali la Koko juu ya Wasichana Marubani

Huku kwetu Gahanga, usiku ukitulia unaziona taa za ndege zikishuka kwenda Kanombe. Watoto waliozaliwa hapa Rwanda wanazihesabu kama wanavyohesabu mabasi ya Bugesera. Koko hahesabu. Akisikia muungurumo anaingia ndani, anakaa karibu na ukuta, mbali na dirisha. Ndege ikipita anatoka, anajifanya kama alikuwa anatafuta kitu. Sisi tumezoea, hatumuulizi.

Koko ni mama yangu mzazi, ila tangu wajukuu wazaliwe nyumba nzima tunamwita hivyo. Sasa mwezi uliopita, mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka 15, alitangaza mbele ya watu wote, sufuria ya ugali bado iko motoni, kwamba anataka kuwa rubani. Alikuwa amemaliza riwaya moja aliyoazima shuleni. Koko akaweka mwiko chini.

"Ndeke? Ile kitu ilitukimbiza kwetu, leo weye ndiyo unataka kuiendesha?"

Mtoto akanyamaza. Mimi pia. Maana mimi ninajua koko anasema nini. Sisi ni watu wa Uvira. Mwezi wa Mei 1999 ndege za vita ziliangusha mabomu Goma na Uvira, na raia wakafa. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka vumbi, na nakumbuka koko alinivuta mkono hadi bega likauma wiki nzima. Kwa hiyo neno "rubani" nyumbani kwetu si neno la sherehe.

Lakini mtoto naye hajakosa. Nikamwambia: nipe wiki chache, nisome, halafu tutaongea. Niliyoyapata nayaandika hapa, maana najua nyumba yetu si peke yake.

Nianze na ile riwaya. Inaitwa Code Name Verity, ya mwandishi Elizabeth Wein, ilitoka 2012. Ndani yake kuna msichana Maddie, mjukuu wa mwenye duka la pikipiki huko Stockport, Uingereza. Anajua injini kabla ya kujua ndege. Vita vya Pili vya Dunia vinaanza, naye anakuwa rubani. Mtoto wetu aliipenda kwa sababu hiyo ya pikipiki. Hapa Kigali nani asiyejua fundi wa moto? Alisema: "Kumbe unaweza kuanzia kwenye spana."

Hiyo ni hadithi ya kutunga, ila kazi yake Maddie ilikuwepo kweli. Uingereza iliunda shirika la kusafirisha ndege za kijeshi kutoka viwandani hadi kwenye viwanja vya jeshi. Januari 1940 waliingia wanawake wanane wa kwanza, wakiongozwa na Pauline Gower. Mpaka vita vinaisha walikuwa wamepita zaidi ya 160. Hawakupiga risasi. Walichukua ndege mpya, wakaipeleka, wakarudi kuchukua nyingine, mara nyingi bila redio, wakitazama reli na mito ili wasipotee. Amy Johnson, aliyekuwa maarufu kwa kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1930, alikufa katika kazi hiyo Januari 1941. Mwaka 1943 wanawake hao wakaanza kulipwa sawa na wanaume, jambo ambalo siku hizo lilikuwa karibu muujiza.

Wamarekani nao walikuwa na kikosi chao cha wanawake marubani, kama 1,074. Kwenye mafunzo na kazini walikufa 38. Hapa naomba usome polepole, maana hili linatuhusu. Serikali iliwahesabu kuwa raia wa kawaida, si askari. Kwa hiyo msichana akianguka na ndege ya jeshi, jeshi halikulipia jeneza wala kumrudisha kwao. Wenzake ndio walichangishana hela, mwili ukafika nyumbani. Sisi tunaoishi ugenini tunaijua hiyo karatasi ya michango inayozunguka, jina la marehemu juu, majina ya waliotoa chini. Sikudhani kama marubani wa Marekani waliijua pia. Walikuja kutambuliwa kuwa wanajeshi wastaafu mwaka 1977, vita vikiwa vimekwisha miaka 32.

Usiku ule nilimsomea koko habari za hao. Akasikiliza. Akasema tu, "Hao hawakuua mutu." Nikajua kwamba bado.

Basi nikaja kwenye wale waliobeba mabomu. Oktoba 1941, Wajerumani wakiwa wanaisogelea Moscow, rubani maarufu Marina Raskova aliruhusiwa kuunda vikosi vitatu vya wanawake. Kimoja, namba 588, kilikuwa cha kushambulia usiku. Kiongozi wake alikuwa Yevdokia Bershanskaya. Wengi walikuwa wasichana wa miaka kama 20 hivi, wengine wametoka chuoni moja kwa moja. Yevgeniya Rudneva alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota Moscow. Akawa mwelekezi wa njia, akazitumia zile nyota zake gizani. Alikufa Aprili 1944 angani karibu na Kerch.

Walipewa ndege aina ya Po-2, ya mbao na kitambaa, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufundishia. Ilikuwa ya polepole, imefunguka juu, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kwa muda mrefu hawakubeba hata miavuli ya kujiokolea. Ilibeba mabomu machache tu, kwa hiyo usiku mmoja walikwenda na kurudi mara nyingi. Wakikaribia walizima injini, wakaiacha ndege iteleze kimya, askari chini wakasikia upepo tu. Kikosi kile kiliruka zaidi ya safari 23,000. Wasichana 23 wakapewa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti, baadhi yao wakiwa tayari wamekufa.

Wajerumani waliwaita "wachawi wa usiku". Leo jina hilo linaandikwa kama sifa kwenye riwaya na sinema. Mimi lilinishtua kidogo. Huko Kivu tunajua mama akiitwa mchawi kinachofuata ni nini. Mjane anafukuzwa, nyumba inachomwa. Inaonekana kila mahali mwanamke akifanya kitu ambacho watu hawakutegemea, neno liko tayari linamsubiri. Tofauti ni kwamba wale wasichana walilichukua wakacheka nalo, kwa sababu walikuwa juu na waliolitamka walikuwa chini.

Nilipomaliza kusoma, koko aliuliza swali ambalo halijanitoka mpaka leo:

"Ule mwenye anaiendesha, anaonaka watu?"

Hakuuliza kama ni mwanamke au mwanaume. Aliuliza kama anaona.

Sikuwa na jibu. Wale wasichana wa kikosi 588 walikuwa wanatetea nchi iliyovamiwa, vijiji vimechomwa, na waliokuwa chini yao walikuwa jeshi la wavamizi. Siwezi kuwalaumu. Ila gizani, kwenye ndege ya mbao, huoni uso. Unaona moto, unageuka, unarudi kuchukua mabomu mengine. Na hadithi nyingi za marubani zinaishia hapo hapo juu, zinasahau kutua.

Jibu nililipata karibu na kwetu, Ethiopia.

Tarehe 3 Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Ndege zake zilimwaga mabomu na gesi ya sumu juu ya askari na wanakijiji. Hata hospitali za Msalaba Mwekundu zilipigwa. Ethiopia yenyewe ilikuwa na ndege chache tu, nyingi hazina silaha. Aliyeziongoza alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Chicago, John Robinson, na kazi yao kubwa ilikuwa kubeba ujumbe, watu na dawa.

Sasa tazama vijana wawili wa vita hivyo. Mmoja ni Vittorio Mussolini, mtoto wa mtawala wa Italia, rubani wa ndege za mabomu, umri miaka 19. Baada ya vita aliandika kitabu, na humo akaeleza jinsi bomu lilivyoangukia wapanda farasi wakatawanyika, akalifananisha na ua linalochanua. Yaani aliona. Koko, aliona. Aliona watu, akaona ua.

Wa pili ni msichana wa Addis Ababa, Mulumebet Emiru. Miaka hiyo hiyo ya 1930 alikuwa anajifunza urubani, mmoja wa wanawake wa kwanza Afrika kufanya hivyo. Ilikuwa wakati ambapo hata Bessie Coleman, binti mweusi wa Texas, alilazimika kujifunza Kifaransa na kwenda Ufaransa kutafuta leseni, akaipata 1921, kwa sababu shule za kwao Marekani zilimkatalia. Mulumebet yeye alijifunzia kwao. Halafu wavamizi wakaja, na mafunzo yakakatika. Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka, mfalme akawa mkimbizi Uingereza.

Anga ni lile lile na miaka ni ile ile. Mvulana mmoja alipewa ndege akaona maua. Msichana mmoja alitaka ndege, na ndege za huyo mvulana na wenzake ndizo zilizomkatia njia. Nilipoliona hilo nikaelewa kwamba koko na mjukuu wake hawabishani. Koko anasimulia habari ya Vittorio na mtoto anasimulia habari ya Mulumebet. Ni vita vile vile.

Elizabeth Wein naye aliandika riwaya nyingine, Black Dove, White Raven, iliyotoka 2015, kuhusu watoto wawili waliolelewa na marubani wanawake, mmoja mweusi na mmoja mweupe. Mama mweusi anakufa ndege yake ikigongwa na ndege wa angani. Yule aliyebaki anawapeleka watoto wote wawili Ethiopia, na uvamizi unawakuta huko. Humo rubani kijana anaruka akijua walioko chini ni majirani zake. Hiyo ndiyo niliyomwambia mtoto wetu aitafute sasa.

Na vita vikiisha? Somalia ilikuwa na Asli Hassan Abade, mwanamke wa kwanza kuwa rubani katika jeshi lake la anga, miaka ya 1970. Mwaka 1991 serikali ikasambaratika, na jeshi lile la anga likaisha. Yeye miaka iliyofuata aliitumia kuhubiri amani kwa Wasomali. Aliyejua ndege ya jeshi ni kitu gani ndiye aliyekuja kuwaambia wenzake waweke silaha chini.

Mfano wa mwisho uko hapa hapa Kigali, na huu nilimwekea koko akiba. Esther Mbabazi alizaliwa Burundi, familia yake ikiwa uhamishoni. Walirudi Rwanda 1996. Alikuwa mtoto wa miaka minane hivi baba yake alipokufa katika ajali ya ndege iliyopita mwisho wa njia yake uwanjani Goma. Goma, koko, si mbali na kwetu. Mtoto huyo alikua, akaenda shule ya urubani Soroti, Uganda, ile iliyoanzishwa 1971 na nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja, kisha akamalizia Marekani. Mwaka 2012, akiwa na miaka 24, alikuwa anarusha ndege za RwandAir, mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa rubani wa abiria. Ndege ilimnyang'anya baba, naye akajifunza kuiendesha vizuri.

Koko alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Mama yake alimuruhusu?" Nikasema sijui aliambiwa nini nyumbani, ila alikwenda. Koko akasema, "Basi mama yake ni mutu wa nguvu." Akaendelea kuchambua maharage.

Ndugu msomaji, sitakudanganya kwamba mambo yameisha. Ada ya urubani ni kubwa, na karatasi zetu sisi wakimbizi kila mtu anajua zinavyosumbua kwenye kila mlango. Mtoto wetu ana fizikia ya kushinda kwanza, na kwa sasa hesabu zinamchapa. Nimemwambia ukweli huo. Lakini koko ameweka sharti lake, na naona ni sharti zuri kuliko yote niliyosoma. Alimwita, akamkalisha, akamwambia: "Ukiruka, ukumbuke siye tuko chini."

Juzi ndege ilipita usiku, koko akaingia ndani kama kawaida. Safari hii mtoto alimfuata, akakaa naye pale ukutani. Nikamsikia anamweleza kwa sauti ndogo kwamba ile ni ya abiria, inapunguza mwendo, magurudumu yameshatoka, inatua. Koko hakujibu. Ila walikaa pamoja mpaka muungurumo ukaisha.