Printa haiprinti? Ondoa draiva mbovu kabla ya kupiga Windows upya

Bodi ya Mikopo (HESLB) inapofungua maombi, mwombaji anajaza fomu mtandaoni, anaiprinti, anaipeleka kusainiwa na kupigwa mihuri, kisha anaipandisha tena mtandaoni. Dirisha la maombi lina siku yake ya kufungwa. Printa ya stationery hapa Ikungi ikigoma wiki hiyo, kijana anapanda gari hadi Singida mjini, zaidi ya kilomita 30, kwa ajili ya kurasa chache tu. Mwenye printa naye anakosa wateja, na mara nyingi fundi anamwambia dawa ni moja: kupiga Windows upya.

Ni kweli kupiga Windows upya kunaweza kumaliza tatizo. Lakini kukifanywa bila uangalifu kunafuta pia picha za familia, barua, matokeo ya wanafunzi na hesabu za kikundi cha VICOBA zilizokuwa humo. Na mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo kinachoitwa draiva, ambacho unaweza kukiondoa mwenyewe bila kugusa faili zako.

Draiva ni programu inayofanya kazi ya mkalimani kati ya kompyuta na printa. Kila aina ya printa ina draiva yake, na toleo la Windows nalo linahesabika. Ukiweka draiva ya modeli nyingine, printa inaweza kutoa karatasi zenye alama zisizosomeka, au isitoe kitu huku kompyuta ikionyesha kwamba kazi ipo kwenye foleni. Huku kwetu kuna sababu nyingine: umeme kukatika katikati ya kupakia draiva kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Draiva inabaki nusu, na Windows haijui kwamba ni nusu.

Wakati mwingine kosa si lako kabisa. Machi 2021 sasisho la Windows lilifanya baadhi ya kompyuta zizime kwa skrini ya bluu zilipotumwa kuprinti kwenye printa fulani za Kyocera, Ricoh na Zebra. Microsoft ikatoa marekebisho siku chache baadaye. Mwishoni mwa Januari 2025 sasisho jingine lilisababisha baadhi ya printa za USB kutema karatasi zenye maandishi yasiyo na maana, na marekebisho yakaja Machi. Kwa hiyo kama printa ilikuwa nzima jana na leo kompyuta imejisasisha, fungua kwanza "Windows Update" uone kama kuna sasisho jipya zaidi.

Kabla ya kuondoa chochote, hakikisha mgonjwa ni draiva. Kama printa yako ina kioo cha kuskani juu, chomoa waya wa USB, weka karatasi yenye maandishi na utoe kopi kwa kitufe cha printa yenyewe. Kopi ikitoka safi, printa ni nzima. Tatizo liko kwenye waya au kwenye kompyuta. Kopi ikigoma, au taa nyekundu zinawakawaka, hiyo ni kazi ya fundi wa printa, na draiva hata ukiibadilisha mara kumi haitasaidia. Printa za matangi ya wino, kama zile za Epson mfululizo wa L zilizojaa kwenye stationery nyingi, huweza kusimama kabisa pale sponji ya kupokea wino taka inapohesabika kuwa imejaa. Watu wengi huilaumu kompyuta kwa jambo hilo.

Jaribu waya mwingine pia. Kisha tazama orodha ya printa kwenye kompyuta. Ukichomeka USB kwenye tundu tofauti na la jana, Windows inaweza kuandikisha printa ile ile mara ya pili na kuiongezea maneno "Copy 1". Kazi zinaendelea kutumwa kwenye jina la zamani, ambalo linaonyesha "Offline", na mwenye kompyuta anadhani kila kitu kimekufa. Rudisha waya kwenye tundu lake la awali, au chagua lile jina la pili unapoprinti. Umemaliza.

Kama bado, sasa ondoa draiva. Hapa ndipo wengi hukosea: wanafuta jina la printa, wanachomeka tena, na tatizo linarudi vile vile. Kufuta jina hakuondoi draiva. Draiva inabaki ndani, na Windows ikiona printa ile ile inaichukua tena hiyo hiyo mbovu.

Anza kwa kuchomoa waya wa printa kwenye kompyuta, na uuache nje hadi mwisho. Ingia kwenye kompyuta kwa akaunti yenye mamlaka ya "Administrator". Fungua "Settings". Kwenye Windows 11 ingia "Bluetooth & devices", kwenye Windows 10 ingia "Devices", kisha "Printers & scanners". Gusa jina la printa yako na uchague "Remove" au "Remove device". Kama kuna "Copy 1" au "Copy 2", ziondoe zote. Usiguse "Microsoft Print to PDF". Hiyo si printa ya karatasi, ni njia ya kutengeneza faili za PDF, na utaihitaji.

Rudi "Settings", ingia "Apps", utafute programu zenye jina la kampuni ya printa, kwa mfano HP, Canon au Epson. Ziondoe kwa "Uninstall". Kama una printa mbili za kampuni moja, soma modeli vizuri usije ukaondoa ya ile nzima.

Sasa draiva yenyewe. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Kwenye kisanduku kitakachofunguka andika printui /s /t2 kisha bonyeza Enter. Acha nafasi kabla ya kila mkwaju kama ulivyoandikwa hapa. Litafunguka dirisha lenye orodha ya draiva. Chagua ya printa yako, bonyeza "Remove", halafu chagua "Remove driver and driver package". Chaguo hilo la pili ndilo linalong'oa hadi mzizi. Lile la "Remove driver only" linaacha mafaili ndani.

Inawezekana Windows ikakataa na kusema draiva inatumika. Mara nyingi kuna kazi ya zamani imekwama kwenye foleni. Bonyeza tena Windows na R, andika services.msc, tafuta "Print Spooler", ambayo ndiyo msimamizi wa foleni, na ubonyeze "Stop". Fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na ufute vilivyomo ndani. Folda yenyewe iache, na usiguse folda ya "drivers" iliyo jirani. Rudi kwenye "Print Spooler" ubonyeze "Start", kisha bila kuchelewa rudi kwenye orodha ya draiva uondoe ile mbovu. Ikiisha, zima kompyuta na uiwashe tena.

Draiva mpya ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, kwa modeli iliyoandikwa kwenye printa yenyewe. L3110 na L3150 si kitu kimoja, hata kama zinafanana kwa macho. Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64: ingia "Settings", "System", kisha "About", usome mbele ya "System type". Jihadhari na tovuti zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zote bure. Nyingi zinakuletea matangazo, zinakudai malipo, au zinapandikiza virusi.

Kuhusu bando: tovuti hizo huweka kifurushi kikubwa chenye programu nyingi, ambacho kinaweza kula mamia ya MB. Tafuta faili dogo lenye draiva peke yake. Unaweza kulipakua kwa simu na kulihamishia kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Tovuti ikitambua kwamba unatumia simu inaweza kukuonyesha vitu vya Android tu. Hapo badilisha mfumo kwenye orodha yao uchague Windows yako.

Pakia draiva wakati umeme umetulia, au laptop ikiwa na chaji ya kutosha. Usichomeke waya wa printa hadi kompyuta ikuambie uchomeke. Ukitangulia, Windows inaweza kuweka draiva yake kabla ya ile uliyoipakua. Mwisho, printi ukurasa wa majaribio kwa kitufe cha "Print test page".

Kama ni siku ya mwisho ya maombi na huna muda wa haya yote, angalia kama printa ina Wi-Fi. L3150 na L3250 zinayo. L3110 na L3210 hazina. Printa yenye Wi-Fi inaweza kupokea PDF moja kwa moja kutoka kwenye simu ya Android kwa programu ya Epson iPrint, au Mopria kwa kampuni nyingi nyingine. Ikiwa na "Wi-Fi Direct", simu inaungana na printa yenyewe bila kutumia bando wakati wa kuprinti, kwa hiyo fomu itatoka hata kompyuta ikiwa imezimwa.