Reli ya Mau na Waya Wake

Fundi akitaka kujenga reli ya mfano ya nchi yetu ya majani chai, na aijenge kwa kipimo kinachopendwa zaidi duniani, yaani mita moja mezani kwa kila mita 87 za ardhini, itambidi atafute ukumbi wa ajabu. Njia ya Nakuru hadi Kisumu ina kilomita 217. Kwa kipimo hicho inabaki kilomita mbili na nusu za reli ndogo. Kutoka Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, hadi ufuo wa Ziwa Victoria, ardhi inashuka mita 1,400 hivi. Kwenye mfano, mteremko huo ni mita 16, kimo cha nyumba ya ghorofa tano. Hata hivyo kazi hiyo si ndoto. Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna maonyesho ya Miniatur Wunderland yaliyofunguliwa mwaka 2001, na reli zake ndogo zimeshapita kilomita 16.

Ukiwauliza mafundi wa kazi hii ni nini kinachomaliza miaka yao, watakuonyesha chini ya meza. Kutandika reli ni kazi ya siku chache. Waya ndio hauishi. Katika reli ya mfano, stima hupita kwenye reli zenyewe, kwa kawaida volti 12: reli moja inaleta, ya pili inarudisha, na magurudumu ya injini yanauchukua umeme njiani na kuupeleka kwenye mota. Kwa kuwa reli huungwa kwa vipande, kila kiungo hupoteza nguvu kidogo, na injini ikifika mwisho wa ukumbi inakuwa imechoka. Ndiyo maana fundi anapitisha waya mnene chini ya meza nzima, kisha kila baada ya hatua chache analehemu waya mwembamba kutoka huo mnene hadi kwenye reli. Njia ikizunguka na kujirudia yenyewe, balaa: reli ya kushoto inakutana na ya kulia, shoti inatokea, kila kitu kinazimika. Hapo hana budi kukata reli mahali pawili, aache mwanya mdogo kila mahali, na kipande kilicho katikati akipe swichi yake peke yake. Mwishowe anaigawa njia yote katika vipande, na sheria inakuwa moja: kipande kimoja, treni moja.

Nimeanza na meza ya fundi kwa sababu historia ya reli yetu imesimuliwa sana kwa chuma. Watoto wa shule wanajua simba wa Tsavo wa mwaka 1898, wanajua mataruma na madaraja. Waya uliotandazwa sambamba na reli ile hautajwi, nao ulichochea vita katika vilima hivi.

Kwetu Kiptere reli haikupita. Sisi tuko kwenye migongo ya chai upande wa Sondu, na njia ya chuma inapita kaskazini yetu: Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, kisha tambarare ya Kano mpaka Kisumu. Kipkelion wakati huo iliitwa Lumbwa, jina ambalo wageni waliwapa Wakipsigis, wenyeji wa vilima hivi. Reli ya kwanza ilitandikwa Mombasa mwaka 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, na Mei 1899 kichwa cha reli kilifika Nairobi. Ronald Preston, aliyesimamia utandikaji, alipoivusha Nakuru na kuikabili Mau, alikutana na ardhi aliyokuwa hajaiona tangu pwani. Miinuko ya Mau imekatwakatwa na mabonde membamba yenye kina, na mvua hainyeshi kwa ratiba.

Kuyavuka mabonde yale kulitaka madaraja marefu ya chuma, 27 kwa jumla. Viwanda vya Uingereza vilishindwa kwa bei na kwa muda, kazi ikapewa American Bridge Company ya New York, jambo lililowauma wengi London. Vyuma vilikatwa na kutobolewa Marekani, vikapakiwa melini hadi Mombasa, vikapanda treni hadi Mau, na huko mhandisi A. B. Lueder na watu wake wakaviunganisha kipande kwa kipande. Preston hakuwangoja. Aliteremsha njia za muda hadi sakafu ya mabonde na kuzipandisha ng'ambo ya pili, ili kichwa cha reli kisonge huku madaraja yakijengwa nyuma yake. Ndiyo sababu reli ilifika ziwani kabla haijakamilika. Chini, katika bonde la Nyando, mvua iliigeuza ardhi kuwa tope lililomeza mataruma, na magari yaliacha njia mara kwa mara. Tarehe 20 Desemba 1901, mke wa Preston, Florence, alipiga nyundo kwenye kabari ya mwisho kando ya ziwa, mahali palipoitwa Port Florence. Ndiyo Kisumu ya leo.

Makuli karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi ile. Wapatao 2,500 walikufa. Gharama ilizidi pauni milioni tano, ilhali Bunge la Uingereza lilikuwa limeambiwa tatu zingetosha.

Sasa tuurudie waya. Simu ya zama zile haikuwa ya kusemea. Ilikuwa ya kugonga. Karani alibonyeza kitufe, fupi na ndefu, na mwenzake wa stesheni ya mbele akasoma herufi kwa sikio. Ilihitaji waya mmoja tu. Umeme ulikwenda kwa waya na kurudi kwa ardhi, kupitia chuma kilichozikwa kwenye udongo wenye unyevu. Ni werevu mkubwa, maana nusu ya waya inaokolewa, lakini una udhaifu wake: waya ukikatika mahali pamoja, stesheni za pande mbili zinakuwa bubu kwa pamoja. Na kwenye ukungu wa Mau, vikombe vya kauri vinavyouweka waya mbali na nguzo vikilowa na kuchafuka, umeme unavuja kidogo kidogo kupitia kila nguzo, mpaka mapigo ya Londiani hayafiki Kisumu.

Uhai wa treni ulitegemea mapigo hayo. Reli ilikuwa ya njia moja, na treni za kupanda na za kushuka zilipishana stesheni tu. Stesheni masta hakuwa na ruhusa ya kuachilia treni mpaka mwenzake wa mbele amjibu kwa waya kwamba njia i wazi. Jibu likija, ruhusa iliandikwa, dereva akakabidhiwa karatasi yake, ndipo akaondoka. Bila karatasi, treni inalala. Kipande kimoja, treni moja: sheria ile ile ya fundi wa meza, ila hapa kosa lake ni injini mbili kukutana kwenye mteremko gizani.

Kwa hiyo Wanandi, wenyeji wa nchi iliyopitiwa na reli, walipoukata waya, waliigusa reli pabaya kuliko kama wangeng'oa mataruma. Walikuwa na sababu zao. Kwa miongo mingi misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikitoka Mombasa imebeba nguo, shanga na waya. Waya ulikuwa fedha. Ulinunua pembe na chakula, ulipambwa shingoni na mikononi, ulilipa njia. Kisha wageni hawa wakaja, wakaitundika fedha hiyo juu ya nguzo, maili kwa maili, katika nchi ambayo hawakuiomba kwa mwenyewe. Waya ukageuka mapambo, na boliti za reli zikaingia kwa wahunzi na kutoka zikiwa silaha. Ripoti za serikali ziliandika kwamba ni wizi tu. Naona ripoti hizo zilifumba jicho moja. Aliyepitisha njia katika ardhi ya mtu bila kumlipa hana haki ya kushangaa anapotozwa njiani.

Nyuma ya jambo hili kulikuwa na maneno mazito zaidi. Inasimuliwa kwamba Kimnyole arap Turgat, orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, aliyeuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, alitabiri nyoka wa chuma atakayetoka upande wa bahari akipumua moshi na moto, aje kunywa maji ya ziwa. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, akawa ndiye wa kumkabili nyoka huyo. Serikali ilituma majeshi mwaka 1895, 1897, 1900, 1903 na tena 1905. Katika vita vya mwisho, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel aliitwa kwenye mkutano uliosemwa ni wa amani, na Kapteni Richard Meinertzhagen akampiga risasi pale pale, pamoja na waliofuatana naye. Wazee wa Kinandi hawajausahau usaliti ule, wala haupaswi kusahauliwa. Baada yake Wanandi wa Kamelilo na Kapchepkendi, waliokuwa karibu zaidi na njia ya treni, walihamishwa kwa nguvu kuelekea kaskazini, na nchi yao kando ya reli ikapewa walowezi. Usalama wa reli na waya ulinunuliwa kwa ardhi ya watu.

Kwa Wakipsigis ardhi ilikwenda kwa njia nyingine. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, sehemu kubwa ya vilima vya Kericho ilitengewa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, walime kitani. Kitani kiliporomoka bei. Katikati ya miaka ya 1920 zikaja Brooke Bond na kampuni ya James Finlay, na kitani kikapisha chai. Mji wa Kericho haukuwa na stesheni. Majani yalikaushwa viwandani, yakafungwa kwenye masanduku ya mbao, yakapelekwa kwa barabara hadi stesheni ya Lumbwa, na kutoka hapo nyoka yule yule akayabeba hadi Mombasa. Lakini wakati chai inakua, reli yenyewe ilishaanza kushushwa cheo. Njia mpya kutoka Nakuru ilipanda Timboroa, ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931. Ile ya kwenda Kisumu, iliyogharimu roho zote zile, ikawa tawi.

Ujuzi wa kuendesha njia kwa waya, nao, ulisafiri mbali. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliunda klabu ya reli za mfano. Baadhi yao walipenda kupaka rangi mabehewa. Wengine walipenda chini ya meza tu, wakiwa na kamati yao ya ishara na umeme, na walitumia swichi za sumaku zilizotoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu ili meza yenyewe ijue treni iko kipande gani na ipishwe wapi. Vijana hao wa waya wakawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuchezea kompyuta za chuo usiku kucha, na kutoka kwao dunia ikapata utamaduni mzima wa watengeneza programu. Kile ambacho karani wa Lumbwa alikifanya kwa kidole na kalamu, wao walikifanya kwa sumaku ndogo zinazobofyana zenyewe.

Tawi la Kisumu lilififia polepole. Malori yalichukua chai, mafuriko yakala tuta, nyasi zikafunika stesheni, na kwa miaka hakuna treni iliyopita. Mwaka 2020 na 2021 Shirika la Reli, wanajeshi na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa waliifufua njia, na Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi ikaingia Kisumu tena, miaka 120 tangu ile nyundo ya Florence Preston.

Madaraja yalipata watu wa kuyakarabati. Waya wa zamani hauna mtu. Nairobi kuna Makumbusho ya Reli yaliyoanzishwa mwaka 1971, na injini kubwa zimetunzwa pale vizuri; kaunti za Kericho, Nandi na Kisumu zina kila sababu ya kufanya vivyo hivyo kwa vitufe vya simu, vitabu vya njia wazi na vikombe vya kauri vilivyobaki kwenye stesheni za Mau, kabla havijaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na wapo wastaafu wa reli, Londiani na Kipkelion, ambao bado wanaweza kumweleza kijana jinsi treni ilivyoombwa, ilivyokubaliwa na ilivyopokewa. Waandikwe sasa, kwa majina ya stesheni zao na zamu zao.